Panya na Kesi ya Kitambaa

Hapo zamani za kale, wakati nyati bado analala ndani na kujifunika shuka kama watu wengine, kulikuwa na panya mmoja mjane aitwaye Nyamizi.

Nyamizi alikuwa na nyumba. Na si nyumba ya kuchekwa! Ilikuwa ya udongo mnene, ndefu, yenye vyumba na vichochoro, na paa lake halikuvuja hata tone. Mama yake aliijenga kwa mikono yake, akaikandika kwa miguu yake. Mlango wake ulikuwa mpana wa kupitisha mnyama yeyote na mzigo wake wa mtama. Tafadhali msiniulize nyumba ya panya iliwezaje kumtosha nyati. Ilimtosha. Mimi ndiye ninayesimulia.

Sasa, mwaka huo Nyamizi alijifungua watoto saba. Walikuwa wekundu, hawana hata unyoya mmoja, na macho yao yamefumba. Aliwalaza katika chumba cha ndani kabisa, ndani ya tundu la ukutani, juu ya pamba. Siku ya tatu akatoka kwenda kutafuta chakula kidogo, maana mzazi naye ana njaa yake.

Aliporudi, lahaula! Mlango umejaa pembe.

"Hodi kwangu!" akasema Nyamizi.

"Kwako wapi?" sauti nzito ikajibu kutoka ndani. Alikuwa Mabula, yule nyati mkubwa wa bondeni. "Hii ni nyumba ya babu yangu. Nimeirudia."

"Babu yako gani, Baba Mabula? Babu yako alilala matopeni maisha yake yote!"

"Uchunge ulimi wako, we mwanamke. Masika yanakuja, na mimi nimechoka kunyeshewa. Kesho kutwa nakandika kuta upya. Kila tundu nitaliziba. Sipendi upepo."

Nyamizi moyo ukampasuka paa! Kila tundu? Na wanawe je, walio ndani ya tundu? Kuwatoa nje nako hakuwezekani. Mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda, na vitoto visivyo na manyoya vikipigwa na mvua haviamki tena.

Akakimbia moja kwa moja kwa Bibi Korongo, mwamuzi wa kijiji. Bibi Korongo alikuwa akiamua kesi zote kwa kusimama mguu mmoja, na hakuushusha mguu wa pili mpaka kesi iishe. Kwa hiyo hakupenda kesi ndefu.

"Nani aliiona nyumba ikijengwa?" akauliza Bibi Korongo.

"Ukiniacha mimi, mama yangu na majirani zake. Wote wamekwisha kufariki, bibi."

"Mh. Na wewe Mabula, una shahidi?"

"Fisi hapa!" akasema Nyati.

Fisi akajitokeza huku akijilamba midomo. "Mimi nilikuwepo, bibi. Tena nililetewa pilau."

"Hukuwa umezaliwa," akasema Bibi Korongo. "Kaa chini. Kesi hii itaamuliwa kwa kitambaa."

Ngoja niwaeleze, wanangu, maana nyinyi hamkuwepo. Kijiji kile hakikuwa na karatasi wala mihuri. Watu wawili wakigombea nyumba moja, walifungwa vitambaa machoni wakaingizwa ndani pamoja. Katika chumba cha ndani kabisa, kwenye nguzo, huwa imetundikwa kata, ile ya kibuyu ya kuchotea maji. Nje, chungu cha maji kimeinjikwa motoni. Atakayetoka na kata kabla chungu hakijachemka, nyumba ni yake, kwa sababu mwenye nyumba huijua nyumba yake hata kama haoni. Na wasipoitoa wote wawili, nyumba hubaki kwa yule aliyemo.

"Kesho alasiri," akasema Bibi Korongo, akashusha mguu. "Na mpaka hapo, Mabula, tundu lolote lisiguswe."

Basi, watu wakatawanyika. Nyati akamvuta Fisi pembeni, uso umemsawajika.

"Fisi, mimi siijui nyumba ile! Nina siku moja tu ndani yake. Leo hii nilitafuta mahali pa kujisaidia nikaingia ghalani!"

"Hee hee hee! Tulia, mkubwa. Kitambaa chako nitakifunga mimi. Nitakilegeza chini kidogo, uone kwato zako. Halafu nitamwaga mstari wa unga sakafuni, kuanzia kona ya kwanza, ambako bibi haoni, mpaka chini ya ile nguzo. Wewe kazi yako kufuata unga tu."

"Na huyo Panya?"

"Huyo niachie. Sikia anavyowaimbia watoto wake."

Maana Nyamizi alikuwa na wimbo wa kuhesabu hatua mpaka chumba cha ndani. Alifundishwa na mama yake alipokuwa mdogo, naye aliwaimbia wanawe kila alipokwenda kuwanyonyesha, akipitia kiupenyo kidogo cha nyuma ambacho Nyati hakukijua:

*Kumi na mbili, nikunje kulia,*
*Tisa nyingine, kushoto naingia,*
*Sita za mwisho, mtungi nasikia,*
*Baridi shavu la kushoto, nyumbani nimetua.*

"Umesikia?" Fisi akanong'ona. "Mtungi wa maji ndio alama yake. Uko mlangoni mwa chumba cha ndani, upande wa kushoto. Mimi nitauhamishia kulia, mlangoni mwa ghala la makapi. Akifuata ubaridi ataingia kwenye makapi yaliyofika darini. Atachimba humo mpaka Idi!"

"Fisi, wewe una akili mbaya sana," akasema Nyati kwa furaha.

Kesho yake mchana, wakati kijiji kizima kinakula, Fisi akaingia na kapu la unga. Kwanza akauhamisha mtungi, akihema, hhh! hhh! Kisha akamwaga unga taratibu, akatoka akijipangusa mikono.

Hakujua kwamba muda huohuo Nyamizi yuko chumba cha ndani ananyonyesha. Alisikia Fisi anahema, lakini hakujua anahemea nini. Fisi alipoondoka, Nyamizi akachungulia. Ebo! Mstari mweupe umenyooka kutoka kwenye nguzo, umefuata uchochoro mpaka kule njia zinakogawanyika.

Nyamizi hakuuliza mara mbili. Fisi na unga, na Nyati na kitambaa? Akaelewa.

"Ahaa," akasema taratibu. "Kumbe wageni wangu wamejichorea njia. Si vibaya kuwasaidia."

Kule njia zinakogawanyika, ukienda kushoto unafika chumba cha ndani. Ukienda kulia unafika mlango wa nyuma, ambao haukuwa na ubao, ulining'inizwa jamvi tu. Na nje ya jamvi lile kulikuwa na shimo. Ndilo shimo ambalo mama yake Nyamizi alichimba udongo wa kukandikia. Manyunyu ya juzi yalikuwa yamelijaza uji wa tope, mzito, mweusi, unanuka kidogo.

Nyamizi akafagia kwa mkia, fya fya fya, unga wote wa upande wa kushoto. Akaubeba mdomoni, akautema upande wa kulia. Akarudi, akabeba, akatema. Mara ishirini, mara thelathini, mpaka mstari ukapinda vizuri kuelekea kwenye jamvi. Mara kishindo mlangoni! Fisi anarudi kuhakikisha kazi yake! Nyamizi akachumpa ndani ya kiupenyo chake na kutoka nje, mweupe mwili mzima. Katika haraka ile na giza la uchochoro, macho yake yalikuwa kwenye unga tu, na mtungi hakuuangalia.

Bahati yake, Fisi alifika kona ya kwanza tu, akaona unga upo, akasema "Safi!" akaondoka. Wavivu wana neema zao.

Alasiri kijiji kizima kikajaa mbele ya nyumba. Moto ukawashwa, chungu kikainjikwa. Bibi Korongo akakunja mguu mmoja.

Fisi akamfunga Nyati kitambaa. Akakifunga polepole, kwa heshima, kama anamvisha bwana harusi kilemba. Alipofika kwa Nyamizi akakaza, kaza! Akazungusha kitambaa machoni, puani, mpaka kwenye sharubu.

"Macho, Mjomba Fisi!" Nyamizi akalia. "Si sharubu!"

"Kitambaa ni kitambaa!"

"Kitambaa ni cha macho," akasema Bibi Korongo. "Zifungue sharubu za mwenzio. Zinaona nini hizo?"

Fisi akazifungua huku akicheka. Kweli, sharubu zinaona nini?

"Haya. Ingieni!"

Nyati akaingia kwa vishindo: du! du! du! Pembe zinakwaruza kuta, kwaru! kwaru! Nyamizi akajibana ukutani asije akakanyagwa. Akasikia Nyati amefika kona ya kwanza, amesimama, kisha anacheka peke yake.

"Heh! Huu hapa! Mweupe pee!"

Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa sakafu, akaanza kuufuata unga, akinusa na kupiga chafya. Fyaa! Fyaa!

Nyamizi hakuwa na haraka. Aliweka sharubu za kushoto ukutani, akaanza kuhesabu hatua. Moja, mbili, tatu. Ukuta wa mama yake ulikuwa na mikwaruzo midogomidogo, na kila mkwaruzo aliujua. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kulia. Tisa nyingine. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Kwa mbele akasikia vishindo vya Nyati vikipinda kulia, du du du, kuelekea kwenye jamvi. Nyamizi akatabasamu chini ya kitambaa, akapinda kushoto.

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Akasimama. Akangoja ubaridi wa mtungi kwenye shavu la kushoto.

Haukuja.

Ukaja kwenye shavu la kulia!

Loo! Nyamizi akageuza kichwa, akasikiliza tena. Je, amehesabu vibaya? Amepinda vibaya? Maisha yake yote mtungi ulikuwa kushoto. Mtungi unamwambia, njoo kulia. Miguu yake inamwambia, nyumbani ni kushoto. Ni nani mwongo? Na kwa mbali, nje, akasikia chungu kikianza: tok... tok...

Aliogopa, wanangu. Siwafichi. Aliogopa mpaka mkia ukawa baridi. Akanyanyua mguu mmoja kuelekea kulia, kuufuata mtungi.

Halafu akaushusha.

"Ngoja," akajiambia. "Mtungi hubebwa. Nimeubeba mwenyewe kwenda kuuosha. Lakini ukuta nani aubebe?"

Akageukia kushoto, akasogeza sharubu polepole juu ya udongo. Chini, hakuna kitu. Juu kidogo, hakuna kitu. Pembeni mwa mlango, hapo! Kijishimo. Vijishimo vinne, vidogo, vimepangana.

Ulikuwa unyayo wa mama yake. Siku ile wanamaliza kukandika, udongo ungali mbichi, mama alijiegemeza hapo kupumzika, na Nyamizi mdogo alicheka kuona mguu wa mama umebaki ukutani. Leo aliuweka mguu wake mwenyewe ndani ya vijishimo vile. Sasa ulimtosha barabara.

Machozi yakamlowanisha kitambaa. "Mama," akasema, "nimefika." Akaingia kushoto.

Sasa tumwache humo, twende uani.

Huko nyuma ya nyumba jamvi likafumuka, brrrap! Kichwa cha Nyati kikatokeza, kitambaa bado kimo machoni, kifua mbele, kama mtu anayeingia ukumbini kwake.

"Nimefika!" akanguruma. "Chumba cha ndani hiki! Kata iko wa..."

Chubwiii!

Wanyama wakakimbia kuizunguka nyumba. Wakamkuta bwana mkubwa yuko ndani ya shimo, tope limemfika kifuani, anajipapatua na kuchapa maji.

"Loo! Mbona chumba kina tope? Nani amemwaga maji humu? Fisi! Fisi wewe! Unga wako umenipeleka wapi?"

Fisi akarudi nyuma hatua mbili.

Bibi Korongo akaja akirukaruka kwa mguu mmoja, maana kesi ilikuwa haijaisha. "Unga upi, Mabula?"

"Ule wa..." Nyati akajiinamia kuficha uso. Lakini kuanzia puani mpaka kwenye paji la uso alikuwa mweupe kama mpishi wa maandazi.

"Na umeuonaje, nawe umefungwa macho?"

Wanyama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wote wakamgeukia Fisi.

"Mimi? Unga?" Fisi akaweka mkono kifuani. "Mimi hata ugali sili!"

Hapo ndipo hata chura alicheka.

Lakini Fisi hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Akasikiliza upande wa moto, masikio yakamsimama. Tok tok tok tok!

"Sawa!" akapaza sauti. "Nyati ameanguka, amekosa, mcheke mtakavyo. Lakini Panya yuko wapi? Naye amepotea! Chungu kikichemka hajatoka, desturi inasema nyumba inabaki kwa aliyemo. Na aliyemo ni nani? Si Mabula? Kweli si kweli, bibi?"

Bibi Korongo akainamisha shingo yake ndefu. Ilionekana dhahiri kwamba hakulipenda jibu lake mwenyewe. "Kweli," akasema. "Kosa la Mabula nitalihukumu. Lakini Nyamizi hapewi nyumba kwa kosa la mwenzake. Lazima aoneshe kwamba anaijua."

Vicheko vikakatika. Wote wakakimbilia mbele, kwenye moto. Mvuke ulikuwa umeanza kutoka. Kifuniko kikatikisika. Toktoktoktok! Mlango wa nyumba mweusi, mtupu.

"Hee hee," Fisi akaanza.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani.

Kwaruuu.

"Nini hiyo?"

Kwaruuu. Kwaruuu. Kitu kinaburutwa sakafuni. Kinakuja, kinasimama, kinapinda kona, kinakuja tena. Kwaruuu. Na juu ya sauti hiyo, kwa mdomo uliobana kitu, mtu anaimba kwa puani, akiurudisha wimbo kutoka mwisho kuja mwanzo: sita, halafu tisa...

"...kumi, kumi na moja..."

Kifuniko kikaruka kidogo, kikatua.

"...kumi na mbili!"

Nyamizi akatokeza kizingitini, kitambaa machoni, mpini wa kata umeng'atwa kwenye meno. Kata ilikuwa kubwa kuliko yeye mara tatu. Akaivuta mpaka miguuni kwa Bibi Korongo, akaiachia, ko!

Na kifuniko cha chungu kikarushwa juu na mapovu, paaa! Kikaanguka kwenye majivu.

Wanawali wa kijiji walipiga vigelegele mpaka kanga wa porini wakaitikia. Watu walimbeba Nyamizi juu juu na kata yake. Bibi Korongo mwenyewe alijisahau akashusha mguu kabla ya kutoa hukumu, jambo lisilopata kutokea, akaingia ndani kukagua, kisha akatoka.

"Nyamizi," akasema, "walikuhamishia mtungi. Sasa hivi nimeingia nikauona uko kulia, na wimbo wako unasema kushoto. Wewe umepitaje?"

"Wamehamisha mtungi tu, bibi. Nyumba ninayo mwenyewe humu." Akajigusa kichwa, akajigusa miguu, akazigusa na sharubu zake.

Bibi Korongo akamgeukia Fisi. "Wewe utaurudisha mtungi mahali pake. Umejaa maji, na utaubeba hivyohivyo, bila kumwaga. Na wewe Mabula, kwa kuwa umekwisha ingia kwenye udongo, utaukanda vizuri kwa kwato zako, uukandike ukuta wa nje wa mama huyu kabla mvua haijanyesha. Wa nje tu! Tundu la ndani usiliguse."

Wakafanya. Fisi alibeba mtungi hatua nane tu, lakini alilalamika kama amevuka milima. Nyati alikanda mpaka jua linatua, kila mpita njia akimwuliza kama huo ndio ukumbi wa babu yake.

Siku ya pili mvua ikashuka, na ilikuwa mvua kweli. Ndani ya tundu hapakuingia hata tone. Nyamizi alilala na wanawe saba, ambao hawajaona kitu chochote cha dunia hii, na kila mmoja alijiburura mwenyewe mpaka kwenye ziwa lake bila kukosea.

Tangu siku ile nyati analala nje, na ukimwuliza habari za nyumba anakugeuzia pembe. Na panya, hata umwachie chumba kizima, atapita kandokando ya ukuta, sharubu zikigusa, anahesabu.

Mimi hapo nimefika kizingitini na kata yangu. Nanyi mshike neno moja tu la kwenda nalo: kitu ulichojifunza kwa hatua zako mwenyewe, hakuna mjanja anayeweza kukuhamishia.